Filimbi ya Bati Penye Kelele: Kutafuta Sauti Inayosikika

Mtu aliyezoea kupiga filimbi ya bati chumbani kwake, siku akienda kuipiga baa kwa mara ya kwanza hurudi nyumbani na swali moja: filimbi gani ina sauti kubwa kuliko zote? Mimi nilirudi nalo kutoka baa moja ya Galway, magharibi mwa Ireland, usiku wa Ijumaa. Nilikuwa nimebanwa katikati ya akodiani na banjo. Mbele yangu fidla mbili, pembeni mtu wa bodhrán, ile ngoma yao bapa inayopigwa kwa kijiti. Nyuma yetu watu labda sitini, kila mmoja na glasi yake na habari zake. Tulipiga rili tatu mfululizo, nyimbo zao za kuchezwa kwa kasi. Vidole vyangu vilikwenda sawa na pumzi ilitoka, lakini noti za chini sikuzisikia hata moja. Za juu zilinifikia kama mluzi wa mtu aliye chumba cha pili. Nikapuliza kwa nguvu zaidi. Mzee wa fidla akageuza shingo, akanitazama, akaendelea kupiga. Nilikuwa nimeiacha sauti ya wenzangu, nimepanda juu yao kidogo, kiasi kile kinachowasha masikio ya kila aliye mezani.

Tangu usiku ule nimepiga filimbi nyingi, zangu na za kuazima, na nimeona kwamba swali lile la sauti kubwa limebeba maswali mawili ndani yake. Moja: je, wasikilizaji wanakusikia? La pili: je, wewe mwenyewe unajisikia? Unaweza kusikika vizuri mpaka mlangoni na huku wewe huambulii kitu. Unaweza pia kujisikia vizuri kabisa na meza ya tatu wasijue kama upo. Dawa ya moja haitibu jingine, na watu wengi hununua filimbi ya pili, ya tatu, ya nne kwa sababu hawajajua wanaumwa wapi.

Kwa nini huwezi kupuliza tu kwa nguvu

Filimbi ya bati ni chombo rahisi sana kukitazama. Ni bomba lenye matundu sita, na juu yake kichwa chenye kijia chembamba cha pumzi. Waairishi huiita feadóg stáin, yaani filimbi ya bati neno kwa neno, ingawa bati lenyewe siku hizi ni nadra. Nyingi ni za shaba ya njano, alumini au plastiki. Ile inayotumika zaidi ni ya ufunguo wa D, kwa kuwa nyimbo nyingi za Kiairishi ziko D na G. Ukiziba matundu yote sita unapata D inayotetema mara 587 kwa sekunde, kisha unapanda oktava mbili, kila oktava ikizidisha mitetemo mara mbili, mpaka karibu 2,350.

Pumzi inapita kwenye kile kijia, inatoka kama utepe, inavuka dirisha dogo na kugonga makali ya upande wa pili. Hapo utepe huanza kupepea, mara unaingia ndani ya bomba, mara unatoka nje, na huko kupepea ndiko kunakozaa sauti. Ukiongeza kasi ya pumzi, noti inapanda kidogo kidogo. Ukizidi kuongeza, inakatika na kuruka oktava nzima. Ndivyo tunavyopata noti za juu. Filimbi hii haina kitufe cha kubadilisha oktava, ina pumzi tu. Kwa hiyo kila noti ina nafasi yake finyu: chini ya hapo inakufa, juu ya hapo inaruka, na katikati humo kila unapoongeza nguvu unapandisha pia kimo cha noti.

Mpiga gitaa akitaka kusikika atachapa nyuzi kwa nguvu na noti itabaki ileile. Mpiga filimbi hana ruhusa hiyo. Ukubwa wa sauti na kimo cha noti vimefungwa kwenye kamba moja; ukivuta huku, kule nako kunasogea. Ndiyo maana mzee wa fidla alinigeukia.

Mtu wa pwani ataona tofauti haraka akikumbuka zumari. Zumari lina ulimi unaotetema kinywani, limetengenezwa lilie uwanjani, juu ya ngoma, kwenye harusi zisizo na kuta. Msemo wa zamani wa zumari kulia Unguja na watu wakacheza maziwa makuu haukusemwa juu ya filimbi. Filimbi ya bati ni chombo cha sebuleni kilichopelekwa baa.

Basi ukubwa wa sauti huamuliwa na fundi kabla hujaishika. Ana mambo machache ya kuchezea, na ya kwanza ni kipenyo cha bomba. Filimbi nyingi za D zina upana wa ndani wa milimita 12 hivi. Ukiongeza milimita moja tu au mbili, noti za chini zinapata kifua, zinavumilia pumzi nyingi bila kuruka. Gharama yake iko juu: A na B za oktava ya pili zinadai msukumo mkubwa, na zikitoka zinatoka kwa kupiga kelele. Ukipunguza upana unapata kinyume chake, noti za juu tamu na nyepesi, za chini dhaifu. Baada ya kipenyo kuna kimo cha kijia cha pumzi, urefu wa dirisha kutoka mdomo wa kijia mpaka kwenye makali, na makali yenyewe yamekaa wapi mbele ya utepe wa pumzi. Mambo haya ni ya sehemu ndogo ndogo za milimita, ndiyo maana filimbi mbili za kiwandani zilizotoka boksi moja zinaweza kutofautiana kama ndugu wa baba mbalimbali.

Malighafi watu huiongelea kuliko inavyostahili. Mwaka 1971 mwanafizikia John Coltman alichapisha jaribio la filimbi za pembeni zenye umbo moja zilizotengenezwa kwa fedha, shaba na mbao. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha kwa sikio, hata wapigaji wenyewe hawakuweza pale uzito ulipofichwa. Shaba ya njano inapendeza mkononi, hilo silibishi, na mimi ninayo. Ila usilipe ziada ukidhani ni chuma ndicho kinachoimba. Kinachoimba ni hewa, na hewa inafuata umbo.

Sikio linachagua

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo nilipokosea kwa muda mrefu.

Sikio la binadamu halisikii kila kimo sawasawa. Watafiti Fletcher na Munson walilipima hilo mwaka 1933, na wengine wamelipima tena baada yao: tunasikia kwa wepesi zaidi milio yenye mitetemo kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na kadiri tunavyoshuka ndivyo mlio unavyohitaji nguvu zaidi ili uonekane sawa. Oktava ya pili ya filimbi ya D inapanda ikielekea eneo hilohilo. Kwa maneno mengine, filimbi yoyote ile, hata ya bei ya chini kabisa, ina noti za juu zinazopenya. Hakuna haja ya kuzinunua. Zinazopotea baa ni zile za oktava ya chini.

Zinapotea kwa sababu mbili. Moja ni watu. Sauti za mazungumzo zimejaa sehemu ya kuanzia 300 mpaka zaidi ya 3,000, na noti za chini za filimbi zinaanguka katikati ya maneno. Na watu hawakai kimya kukupisha. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 jambo ambalo kila mhudumu wa baa analijua: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujua. Bendi ikiongeza, meza zinaongeza. Meza zikiongeza, bendi inaongeza. Hayo ni mashindano ambayo filimbi haiwezi kushinda kwa nguvu.

Sababu ya pili ni wenzako mezani, na hii haizungumzwi vya kutosha. Filimbi ya D inapiga wimbo oktava moja juu ya fidla. Kila noti ya fidla hubeba ndani yake mlio wa pili, oktava moja juu, na mlio huo ni noti yako hasa. Mkipiga wimbo mmoja kwa pamoja, noti yako ya chini inakaa juu ya mwangwi wa fidla kama kivuli juu ya kivuli. Fidla, akodiani na banjo zina milio mingi ya juu inayozitambulisha hata zikifunikwa kidogo. Filimbi ina mlio mmoja safi na milio michache sana juu yake. Huo mmoja ukifunikwa, hakuna kingine cha kushikia.

Ndiyo maana filimbi yenye ukali kidogo, yenye ule mkwaruzo mwanzoni mwa noti, mara nyingi husikika kuliko filimbi nene, safi na kubwa kuizidi. Na ndiyo maana ulimi wako una kazi. Noti inayoanza kwa ulimi, au kwa kukatwa haraka na kidole cha juu kama wafanyavyo Waairishi, ina mlango. Sikio linaona mahali ilipoanzia. Noti zilizounganishwa zote kwa pumzi moja ndefu zinazama. Nimemsikia binti mmoja wa miaka kumi na kitu akipenya meza ya watu tisa kwa filimbi ya plastiki ya bei ya chakula cha mchana, kwa sababu kila noti yake ilianza mahali pake.

Zilizopo sokoni

Robert Clarke, kijana wa kijiji cha Coney Weston, Suffolk, Uingereza, alianza kutengeneza filimbi za bati mwaka 1843. Za jina lake bado zipo: bati limekunjwa likawa bomba linalopungua kuelekea chini, na kizibo cha mbao kichwani. Zina sauti ya pumzi, kama mtu anayekunong'oneza. Nazipenda nyumbani. Baa, usijisumbue.

Filimbi za chapa ya Generation ya Uingereza na ya Feadóg ya Ireland ndizo watu wengi walizojifunzia, bomba la shaba na kichwa cha plastiki. Zina noti za juu nyepesi na kiasi cha ukali kinachosaidia, ila za chini ni za wastani na ubora unabadilika kutoka moja hadi nyingine. Wapo mafundi na wapigaji wanaojaza shimo lililo chini ya kijia cha pumzi kwa ule ulimbo wa kubandikia karatasi ukutani, na kusafisha mabaki ya plastiki kwenye makali kwa wembe. Ni kazi ya dakika kumi. Noti za chini hutulia na ile D ya mwisho hukubali pumzi zaidi. Kabla hujaagiza filimbi ya bei kubwa, jaribu hilo kwanza.

Ukitaka sauti kubwa kweli kweli, jina utakalosikia mara nyingi ni Susato, filimbi za plastiki ngumu kutoka North Carolina, Marekani. Zina kijia kipana, zinapokea pumzi nyingi, noti zake za chini zina kifua. Kwa mtu anayepiga barabarani au kuongoza wacheza ngoma ukumbini bila spika, ni chaguo la akili. Lakini katika chumba kidogo noti zake za juu ni wembe, na aliyekaa mbele ya dirisha la filimbi hiyo ndiye anayelipa. Kundi la tatu ni za mafundi wa alumini na shaba, kama Burke wa Marekani au Colin Goldie wa Ujerumani anayeendeleza mtindo wa fundi Mwingereza, Bernard Overton. Hizi ni ghali, mara kumi ya ile ya kiwandani na zaidi, na unacholipia hasa ni uwiano: ya chini ina nguvu na ya juu haipigi kelele. Mafundi wengi hukuuliza unataka kipenyo chembamba au kipana. Ukiulizwa, uwe unajua unapopigia.

Wapo wanaoshauri uhamie filimbi fupi ya Eb au F, funguo zilizo juu ya D, kwa kuwa inapenya. Inapenya kweli, ila katika kikao cha wapigaji wa D na G utakuwa mgeni kwa kila wimbo. Na wapo wanaopenda filimbi ndefu ya D ya chini, ile ambayo Overton alimtengenezea mwanamuziki wa Ireland, Finbar Furey, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sauti yake inagusa moyo, lakini iko oktava nzima chini, ndani kabisa ya kelele za watu. Mahali penye kelele haitoki bila maikrofoni.

Namna ya kuijaribu

Usijaribu filimbi mahali pa kimya, utadanganyika. Washa redio kwenye kipindi cha mazungumzo, sauti ya kutosha kusikilizwa na mtu aliye jikoni. Weka simu upande wa pili wa chumba, hatua nne au tano kutoka ulipo, irekodi. Piga filimbi yako ya zamani, kisha ile mpya, bila kusimamisha rekodi. Simu nyingi hurekebisha sauti zenyewe, na ukirekodi mara mbili tofauti utalinganisha uongo na uongo. Piga noti za chini kwanza, D, E, F#, taratibu, kisha wimbo unaoujua. Halafu sikiliza. Mara nyingi filimbi uliyoiona kubwa mkononi inasikika sawa na ya zamani kule mbali, na tofauti yote ilikuwa kwenye sikio lako lililo karibu na dirisha lake.

Jaribio la pili ni la pumzi. Fungua kipima noti kwenye simu. Ziba matundu yote, anza D ya chini kwa pumzi ndogo na uongeze polepole kama mtu anayefungua bomba la maji. Tazama mshale. Kwenye filimbi dhaifu utaongeza kidogo tu, mshale utakimbia juu, na noti itaruka. Kwenye filimbi iliyojengwa kwa ajili ya kelele utaongeza, utaongeza tena, noti itanenepa na mshale utasogea kidogo. Hiyo nafasi kati ya pumzi ndogo na pumzi ya kuruka ndiyo akiba yako baa. Kisha panda B ya juu. Ikikudai msukumo mpaka mabega yainuke, fikiria utakavyokuwa saa ya pili ya kikao.

Mimi huamua kwa kulinganisha noti mbili hizo tu. Nataka D ya chini ikaribie B ya juu kwa nguvu. Filimbi ambayo B yake inatoboa na D yake inanong'ona, hata ikiandikwa ina sauti kubwa, kwangu ni filimbi ya nusu wimbo.

Vijana wa Johannesburg

Tatizo hili waliwahi kulitatua watu wengine, mbali na Ireland, wakiwa na filimbi za bei ya chini na mitaa yenye kelele kuliko baa yoyote. Katika miaka ya 1950 vijana wa Johannesburg walipiga filimbi za chuma za kampuni ya Hohner, ya Ujerumani, kwenye kona za barabara, na muziki wao ukaitwa kwela. Neno hilo kwa Kizulu ni kupanda, na msomaji wa Kiswahili atamtambua humo ndugu yake, kukwea. Spokes Mashiyane, mpiga kwela maarufu, alianza kurekodi mwaka 1954, na mwaka 1958 wimbo wa "Tom Hark" wa kundi la Elias Lerole ulifika nafasi ya pili kwenye chati za Uingereza.

Hawakuishika filimbi kama Waairishi. Waliiingiza ndani zaidi kinywani, wakaigeuza kwa pembeni, midomo ikalikaribia dirisha na kulifunika kwa sehemu. Kwa namna hiyo mdomo wenyewe unakuwa sehemu ya chombo: sauti inanenepa, na noti inaweza kuvutwa juu na chini kama sauti ya mwimbaji. Nimejaribu mbele ya kioo. Siku ya kwanza haitoki kitu ila upepo. Baada ya wiki mbili hivi inatoka sauti ambayo filimbi hiyohiyo haijawahi kunipa. Jambo la pili walilofanya ni kupiga wengi pamoja, mmoja akiongoza na wengine wakimwitikia kwa filimbi chini yake. Vyanzo viwili vya nguvu sawa huongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), si nyingi, lakini filimbi tatu au nne zinazopishana kidogo zina upana ambao moja haina. Mashiyane mwenyewe alihamia saksafoni mwaka 1958. Sishangai. Saksafoni haiombi ruhusa ya kuongeza sauti.

Kama kuna maikrofoni

Kama ukumbi una spika, sahau karibu yote niliyosema juu ya ukubwa. Hapo nunua filimbi tamu, nyepesi, yenye noti zilizotulia, hata ikiwa ya kunong'ona. Bendi ya The Pogues walipiga filimbi ya bati katikati ya ngoma na gitaa za umeme kwa miaka mingi. Spider Stacy, mpiga filimbi wao, hakuwa akiwashinda kwa mapafu.

Maikrofoni ya kawaida ya jukwaani kama Shure SM57 inatosha. Watu hukosea mahali pa kuiweka. Wanailekeza kwenye mdomo wa chini wa bomba, wakidhani sauti inatoka huko kama tarumbeta. Sauti inatoka kwenye dirisha na kwenye matundu yaliyo wazi. Weka maikrofoni umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye dirisha, ikitokea upande, ili upepo wa pumzi upite pembeni yake. Mwombe fundi mitambo akate kila kitu kilicho chini ya mitetemo 300 kwa sekunde. Filimbi yako haina kitu huko, na humo ndimo unapokaa mngurumo wa jukwaa. Ikiwa noti za juu zinaumiza, apunguze kidogo kati ya 2,000 na 4,000. Spika yako ya kujisikilizia ikae mbele yako chini, na maikrofoni iipe mgongo, maana filimbi na spika zikiangaliana utasikia ukelele mmoja mrefu ambao si wako.

Mahali pa moto pana mambo yake. Hewa ndani ya bomba ikipanda joto nyuzi 10, noti zinapanda karibu senti 30, yaani karibu theluthi ya nusu-toni. Nyuzi za fidla hulegea na kushuka kwa joto hilohilo, na akodiani haina pa kwenda. Filimbi ambayo kichwa chake hakisogei itakuacha uchi. Chagua yenye kichwa cha kuvuta, ukivute milimita mbili au tatu ukumbi ukijaa, na upime tena baada ya wimbo wa kwanza.

Halafu maji. Pumzi yako ina unyevu, kichwa cha filimbi kikiwa baridi unyevu hugeuka matone ndani ya kijia, na sauti inakwama ghafla katikati ya wimbo. Ipashe kichwa joto kwapani au mfukoni kabla ya kuanza. Ikikwama, ziba dirisha kwa kidole na upulize kwa nguvu mara moja. Tone la sabuni ya vyombo lililopitishwa ndani ya kijia na kuachwa likauke huyafanya maji yatandae badala ya kuwa matone. Na kama unapiga kwenye kumbi zetu za Mombasa au Dar es Salaam, angalia pangaboi. Upepo ukipita juu ya dirisha la filimbi unausukuma ule utepe wa pumzi, na noti zinatetemeka au kufa kabisa. Nimewahi kuona mtu akilaumu filimbi njema kabisa, kumbe feni ilikuwa juu ya kichwa chake.

Kujisikia mwenyewe

Ijumaa iliyofuata kule Galway nilirudi na filimbi ileile. Mzee wa fidla aliniona nikielekea kiti changu cha katikati, akanionyesha kwa upinde wake kiti cha kona, kilichotazama ukuta wa mbao. Nikakaa. Ukuta ulikuwa hatua moja mbele ya filimbi yangu, na kila nilichopuliza kilinirudia. Akodiani ilikuwa upande wa pili wa meza. D ya chini niliisikia. Meza za mbali, nadhani, walinisikia kama wiki iliyopita, si zaidi. Lakini kwa kuwa nilijisikia sikupuliza kupita kiasi, na kwa kuwa sikupuliza kupita kiasi nilibaki kwenye sauti ya wenzangu, na filimbi iliyo sawa na fidla husikika ndani yake.

Kwa kikao cha meza moja, basi, singenunua filimbi kubwa kuliko zote. Singemshauri mtu yeyote. Ni chombo kimoja kati ya vingi, na kikao kinaharibika mmoja akiwafunika wenzake. Ningechukua filimbi ya kipenyo cha wastani yenye D ya chini imara na kichwa cha kuvuta, na ningefika mapema nichague kiti. Kubwa ningeiacha kwa ajili ya barabara, sherehe za uwanjani na madarasa ya ngoma.

Na ukiwa na kubwa, linda masikio. Dirisha la filimbi liko karibu sana na uso wako, na noti za juu zinaanguka pale sikio lilipo jepesi zaidi. Mwongozo unaofuatwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja. Jioni ya baa inafika huko bila shida. Vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti zote kwa usawa, huingia kwenye mfuko wa shati. Mimi huvaa kimoja upande wa akodiani. Kelele za chumba hupungua upande huo, na kwa kuwa kichwa cha filimbi kinagusa meno, noti zangu hunifikia pia kupitia taya.